Windsor kwa siku moja kutoka London: Paddington, Waterloo au basi la watalii?

Mgeni_wa_Temeke
Wakuu, naomba ulinganisho wa kueleweka. Tutakuwa London wiki moja, watu watano: wakubwa watatu (mmoja ni bibi wa miaka 70, magoti yanamsumbua), mtoto wa miaka 8 na mdogo wa miaka 3 anayesukumwa kwenye kigari. Tunataka siku moja Windsor, kasri na mji wake. Njia nilizoziona ni tatu: treni ya Paddington ya kubadilisha Slough, treni ya moja kwa moja ya Waterloo, na basi la watalii linalochanganya Windsor, Stonehenge na Bath. Ipi inatufaa?

Reli_Tupu
Chagua siku kwanza, njia baadaye. Kasri hufungwa Jumanne na Jumatano. Jumapili liko wazi, lakini Kanisa la St George siku hiyo ni la waumini tu, watalii hawaingii. Halafu Jumapili ndiyo siku reli za Uingereza hupenda kufanyiwa matengenezo. Treni ikigeuzwa basi, asubuhi yako imekwisha. Zinabaki Jumatatu, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, na hata hizo pitia kalenda ya kasri kabla ya kulipa, kwa sababu Mfalme akiwa na shughuli, sehemu hufungwa.

Sasa njia.

Paddington: treni ya kampuni ya GWR hadi Slough ni kama dakika 20, kisha jukwaa namba 1, treni ndogo ya dakika 6 hadi Windsor & Eton Central. Jumla hesabu dakika 35 hadi 45 kutegemea utakavyosubiri Slough. Kosa linalowaponza wengi ni kurukia treni yoyote ya kuelekea magharibi. Nyingi za mwendo kasi hazisimami Slough, zinakupitisha mpaka Reading. Soma orodha ya vituo kwenye ubao, usitazame kituo cha mwisho pekee. Elizabeth line nayo inafika Slough, ila inasimama njiani kote na ni ya polepole zaidi.

Waterloo: moja kwa moja hadi Windsor & Eton Riverside, karibu dakika 55. Hubadilishi chochote. Mkilala kusini au magharibi ya jiji msirudi nyuma hadi Waterloo. Treni hiyohiyo hupitia Clapham Junction na Richmond.

Bi_Mkubwa_Reading
Reli_Tupu kasema kweli ila amesahau magoti ya bibi. Central unatokea kwenye maduka, unavuka barabara na ukuta wa kasri uko mbele yako. Riverside iko chini kando ya mto, na kutoka pale ni kupanda Thames Street. Mlima si mrefu, lakini ni mlima, na ndani ya kasri kuna mteremko mwingine na mawe ya kukanyagia yasiyo sawa. Kwa kundi hili: kwenda kwa Paddington, kurudi kwa Riverside. Asubuhi bibi hapandi, jioni mnateremka tu hadi stesheni. Ila angalia tiketi: ya kupitia Slough huenda isikubalike upande wa Waterloo. Soma njia iliyoandikwa kwenye tiketi, au nunua mbili za kwenda tu, ukilinganisha bei.

Bei: wakubwa watatu wanatosha kupata GroupSave, punguzo la theluthi moja kwa watu 3 hadi 9 wanaosafiri pamoja nje ya saa za msongamano. Siku za kazi maana yake ni kuondoka baada ya saa tatu na nusu asubuhi hivi. Mtoto wa miaka 3 hahitaji tiketi, wa miaka 8 ni nusu. Kadi ya usafiri ya Oyster msiiamini, upande wa Slough mwisho wake ni West Drayton.

Kasri_na_Kahawa
Basi la watalii nitalimaliza kwa mstari mmoja: vituo vitatu siku moja, Windsor unapewa kama saa mbili, na kasri pekee linataka saa tatu. Kwa kijana mwenye haraka sawa. Kwa bibi na kigari, hapana.

Gari la kukodi nalo ni hapana. Kasri halina maegesho ya wageni, na yaliyo mjini hujaa mapema wikendi.

Kinachoharibu siku ya watu ni mpangilio wa ndani. Nunua tiketi ya saa 4:00 asubuhi moja kwa moja kwa Royal Collection Trust, wanaosimamia kasri kwa wageni, maana hiyo mnaweza kuigeuza kuwa ya mwaka mzima bila kuongeza senti. Ulizeni kabla ya kutoka. Ukaguzi ni kama wa uwanja wa ndege. Mizigo mikubwa haipokelewi, kwa hiyo usipange kupitia hapo ukitokea Heathrow na masanduku.

Njia ya ndani inashuka: unaingilia juu, unapita Mnara wa Mviringo, vyumba vya kifalme, kisha chini kanisani na kutokea Lango la Henry VIII. Ukishuka mapema, kupanda tena ni adhabu. Kigari mtakiacha mlangoni pa vyumba vya kifalme, mnaazimwa mbeleko. Ngazi zikimshinda bibi, mwambie mhudumu mlangoni palepale, msisubiri katikati ya foleni.

Mtaa_wa_Pili
Gwaride la kubadilishana walinzi ni saa 5:00 asubuhi, kwa kawaida Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, mvua kubwa ikilivunja. Wengi hukimbilia huko, na saa hiyohiyo foleni ya nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary hupungua. Mtoto wa miaka 8 asiikose: ilijengwa 1921 hadi 1924 kwa uwiano wa 1 kwa 12.

Ukumbi wa St George ndani ya vyumba vya kifalme, inua macho. Dari ile ni mpya. Tarehe 20 Novemba 1992 taa ilichoma pazia kwenye kanisa dogo la faragha, moto ukala vyumba 115. Ukarabati ulikamilika 1997, pauni milioni 36.5, sehemu kubwa ikilipwa kwa kuwafungulia watalii Buckingham. Ngao za darini ni za wanachama wa Garter, daraja la juu la heshima ya kifalme; zilizo tupu ni za waliovuliwa heshima.

Kasri_na_Kahawa
Na kanisani, wengi hupiga mbio kwa Henry VIII, jiwe jeusi sakafuni. Waafrika tuna mawili ya kutazama. George VI amelala kwenye kikanisa cha pembeni pamoja na binti yake Elizabeth, ambaye alikuwa hoteli ya Treetops, Kenya, baba alipofariki 6 Februari 1952. Na mwana wa Mfalme Tewodros II wa Ethiopia, Alemayehu, aliyechukuliwa na Waingereza baada ya vita vya Maqdala mwaka 1868 na kufa 1879 akiwa na miaka 18, amezikwa hapo. Ethiopia iliomba mabaki yake, mwaka 2023 Ikulu ya Uingereza ikakataa. Ni kibao cha shaba tu, ukipita haraka hukioni.

Mgeni_wa_Temeke
Nimewapata. Basi Alhamisi, Paddington kwenda, Riverside kurudi, tiketi ya saa 4:00. Chakula je, na mji?

Bi_Mkubwa_Reading
Saa 4:00 na GroupSave haviendi pamoja siku ya kazi, treni yenu itakuwa bado njiani. Chukueni tiketi ya saa 5:00 na kuacha gwaride, au lipeni nauli kamili mfike mapema. Kwa mtoto wa miaka 8 ningelipa.

Kula ndani ni mkahawa wa Undercroft, chakula cha kubeba hakiliwi humo. Bei nafuu zaidi ni kutoka, kununua mjini na kukaa Alexandra Gardens kando ya mto. Eton, mji wa ng'ambo ya mto, mnafika kwa daraja la watembea kwa miguu, magari hayapiti tangu 1970. Mtaa wake ni tambarare, bibi hatalalamika. Long Walk, ile njia ndefu iliyonyooka kutoka kasri, tazameni pale mwanzoni tu. Hadi sanamu ya farasi ni zaidi ya kilomita 4 kwenda peke yake. Treni za Riverside ni mbili kwa saa, kwa hiyo msinyanyuke bustanini kabla ya kutazama ratiba.