Nataka marikruta wajue natafuta kazi ila ofisini wasinuse, inawezekana?

Mtulivu_K
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri kwa wenye uzoefu na haya mambo. Niko kazini, mkataba unaendelea na mshahara unaingia kwa wakati, ila nimefika mahali sioni tena pa kupanda na nimeanza kutafuta pengine kimya kimya. Shida ni kwamba kwenye fani yangu ya uchambuzi wa data nafasi nyingi nzuri hata hazitangazwi, marikruta, yaani wale wanaotafutia makampuni wafanyakazi, wanaingia LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, wanachuja watu wanawafuata inboksi, kwa hiyo kama hujaonyesha kwamba uko tayari kuhama unapitwa tu. Nimeona ile Open to Work, setingi ya kuonyesha uko tayari kwa kazi mpya, ina machaguo mawili, waone wote au waone marikruta peke yao. Hilo la pili ndilo nalitaka ila roho inasita. HR wetu wanashinda humo humo wakitafuta watu, bosi wangu tumeunganishwa, na nusu ya idara pia. Hapa kwetu ikijulikana mtu anatafuta kazi basi hapewi tena mradi wa maana, anawekwa pembeni hata barua hajaandika. Sasa hiyo setingi inaficha kweli? Na kama inaficha, kuna kitu gani kingine kinaweza kuniumbua? Nina watu wananitegemea, siwezi kuichezea hii kazi kabla sijapata nyingine.

FundiPembeni
Inaficha mkuu, ila kwa masharti. Kwanza usichanganye vitu viwili. Ukichagua waone wote unawekewa fremu ya kijani kwenye picha, hiyo ilikuja 2020 wakati watu wengi wamepoteza kazi, na hiyo inaonekana na kila mtu, bosi, jirani, mteja, wote. Hii ya marikruta peke yao ni ya zamani zaidi, ilianza 2016, na haiweki alama yoyote kwenye picha wala kwenye profaili yako. Inaonekana tu kwa wanaotumia LinkedIn Recruiter, ile programu ya kulipia. Na LinkedIn wanajaribu kukuficha usionekane na marikruta wa kampuni yako na wa kampuni ndugu zake. Nasema wanajaribu kwa sababu wenyewe wameandika pale pale kwenye setingi kwamba hawawezi kukuhakikishia usiri wa asilimia 100. Soma yale maandishi madogo kabla hujabonyeza.

Dada_Ajira
Mimi kazi yangu ndiyo hiyo, natafutia makampuni watu, ngoja nikueleze inavyoonekana kutoka upande wetu maana watu wengi wanaogopa kisichotakiwa kuogopwa na kinachotakiwa kuogopwa wanakiacha wazi.

Nikiingia kutafuta mtu naandika cheo, mahali, ujuzi, yanakuja majina mengi kuliko ninavyoweza kuyasoma. Halafu kuna kichujio cha walio tayari kuhama, nakibonyeza, orodha inapungua sana, na hao ndio naanza nao kwa sababu najua wakipata meseji watajibu. Kwa hiyo hiyo alama ya utayari, tunayoiona sisi marikruta tu, ina thamani kweli, usidharau. Nikifungua profaili yako naona vyeo ulivyochagua (mwisho ni vitano), sehemu unazotaka, kama unataka ofisini au nyumbani au mchanganyiko, na aina ya mkataba. Watu wanajaza vyeo vitano vya fani tano tofauti wakidhani wanajiongezea bahati, mimi nikiona mtu kaandika mchambuzi wa data, meneja miradi, mhasibu na afisa masoko kwa pamoja najua hajui anachotaka na napita. Chagua majina ya cheo kimoja yanavyoitwa kwenye makampuni tofauti, basi.

Sasa huko kufichwa. Mfumo unamjua mwajiri wako kwa ile kampuni uliyoiunganisha kwenye sehemu ya kazi ya sasa. Kama uliandika jina la kampuni kwa mkono tu, bila kuchagua ukurasa wake rasmi ikaja na nembo, mfumo hauna namna ya kujua kwamba yule HR wa ghorofa ya juu ni wa kwenu, na atakuona kama marikruta wengine. Hilo nenda ukaliangalie sasa hivi kabla ya jambo lolote.

La pili ni sisi mawakala. Akaunti yangu inasomeka ni ya wakala wa ajira, haisomeki ni ya kampuni ninayoitafutia watu. Kampuni yenu ikinipa kazi ya kutafuta watu mimi nakuona wazi kabisa. Rikruta mwenye heshima hawezi kwenda kumwambia mteja kwamba mfanyakazi wako fulani anataka kuondoka, ila siwezi kuapa kwa niaba ya wote wenye kazi hii.

Mzee_wa_Mikataba
Mimi nina mawazo tofauti kidogo. Kwa mtu aliye kazini, ofisi yenyewe ya kinyongo kama hiyo aliyoieleza, asibonyeze kabisa. Rikruta hakufuati kwa ajili ya hiyo alama peke yake, anakufuata kwa sababu maneno anayotafuta ameyakuta kwenye profaili yako. Ule mstari chini ya jina wengi wanaandika cheo na jina la kampuni tu, hakuna kingine. Andika kazi unayoifanya na vifaa unavyotumia, mfano "Mchambuzi wa data, SQL, Python na Power BI, taarifa za mauzo na ugavi". Hapo hakuna aliyesema anatafuta kazi, bosi akiona anaona mfanyakazi anayejivunia kazi yake, na rikruta akitafuta SQL unatokea. Na nafasi nyingi za maana watu wanavutwa na waliowahi kufanya nao kazi, tafuta wale walioondoka hapo kwenu wakaenda pazuri, ongea nao kwa simu. Waliondoka wenyewe, wanakuelewa, hawana sababu ya kukuchoma.

Dada_Ajira
Mzee hapo kwenye mstari nakubaliana na wewe moja kwa moja. Ila mtu mwenye maneno mazuri asiye na alama namwandikia wa pili, mara nyingine simfikii kabisa kwa sababu nafasi imeshapata watu. Afanye vyote viwili.

Mtulivu_K
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimekwenda kuangalia na kweli kampuni yangu ilikuwa imeandikwa kwa mkono bila nembo, nimeshairekebisha. Lakini hapo ndipo naogopa zaidi, nikianza kubadilisha profaili ghafla, ule mstari, ujuzi, maelezo, si watu wa idara wataletewa taarifa?

FundiPembeni
Ndiyo maana kuna setingi ya kutangazia mtandao wako mabadiliko ya profaili. Iko upande wa mwonekano, izime kwanza ndipo uanze kurekebisha. Na usibadilishe vyote usiku mmoja, leo ujuzi, wiki ijayo maelezo, maana hata bila taarifa kuna mtu atapita kwenye profaili yako na kuona imenyooka ghafla, na kwenye ofisi za umbea hilo tu linatosha.

Vingine vya kufunga ukiwa humo humo: orodha ya watu uliounganishwa nao, ifiche isionekane na wengine, japo mtu mliyeunganishwa naye wote wawili ataendelea kuonekana. Ukitaka kuchungulia profaili za marikruta au mameneja wa kampuni unazozitaka weka hali ya faragha, ila kwa akaunti ya bure na wewe utaacha kuona nani kapita kwako. Na laiki zako, komenti zako! Mtu anaficha setingi zote halafu anakomenti "nimevutiwa, tafadhali angalia inboksi" kwenye posti ya ajira, hiyo komenti inatembea hadi kwa bosi bila msaada wa mtu. Kwenye tangazo la kazi usilaiki wala usikomenti, tuma meseji.

Binti_Seva
Mbona hakuna aliyegusa kompyuta ya ofisi? Mimi niko upande wa mifumo na hapa ndipo naona watu wanaumbuka zaidi kuliko hiyo alama.

Akaunti yako ya LinkedIn ina imeili gani? Kama uliifungua kwa imeili ya kazini, kila rikruta akikuandikia nakala inatua kwenye seva ya mwajiri, tena na kichwa cha habari kabisa. Weka imeili yako binafsi iwe ya msingi, ya kazini iondoe. Usiingie LinkedIn kutafuta kazi kwa laptopu ya kampuni wala intaneti ya kampuni, tumia simu yako na bando lako. Notifikesheni zizime, maana kuna siku utakuwa unawaonyesha skrini watu wote kwenye kikao na kibox kinachomoza pembeni, "rikruta fulani amekutumia meseji kuhusu nafasi ya...", na hapo hakuna maelezo yatakayoeleweka.

CV nayo usiiandikie kwenye mashine ya ofisi. Faili la Word linabeba ndani yake jina la mwandishi na mara nyingi jina la kampuni iliyosajili ile programu, na ukilihifadhi kwenye folda inayosawazishwa na wingu la ofisi basi umeiweka CV yako kwenye kabati la mwajiri. Usaili wa video usiuweke kwenye kalenda ya kazini hata kama umeupa jina la daktari.

Mtulivu_K
Dada umenistua, imeili ya akaunti ni ya kazini kweli, nabadilisha leo leo kwa simu. Sasa swali la mwisho, rikruta nisiyemjua akiniandikia namjibuje bila kujiweka wazi sana? Na kuna matangazo hayana jina la kampuni, "mwajiri wetu mkubwa", haya nayo je?

Dada_Ajira
Tangazo lisilo na jina usitume CV kwanza, uliza ni nani. Inawezekana kabisa mwajiri mkubwa huyo ni wa kwako. Hivyo hivyo kwenye hifadhi za CV za tovuti za ajira, pale usitegemee kufichwa kwa mwajiri wako, kwenye nyingi ukiiweka CV ionekane anaiona yeyote mwenye akaunti ya kutafutia. Kwa mfano Indeed unachagua waajiri wakuone au wasikuone, basi. Kwa hali yako weka wasikuone, na omba kazi moja moja mwenyewe.

Rikruta akikuandikia mwangalie kwanza, ana historia, ana watu, wakala wake yupo kweli? Anayeomba pesa ya kushughulikia faili lako ni tapeli, mwisho wa mazungumzo, sisi tunalipwa na mwajiri. Ukiridhika jibu hivi, badilisha upendavyo:

"Asante kwa kunitafuta. Kwa sasa niko kazini, ila niko tayari kusikiliza nafasi za uchambuzi wa data. Kabla sijatuma CV naomba jina la kampuni. Naomba pia CV yangu isipelekwe kwa mwajiri yeyote bila ruhusa yangu ya maandishi, na mwajiri wangu wa sasa asipigiwe simu mpaka nitakapopata ofa rasmi. Napatikana kwa simu baada ya saa 12 jioni."

Hakuna rikruta wa kweli atakayekasirika na maneno hayo, tunayapokea kila siku. Anayekataa kukutajia kampuni na bado anang'ang'ania CV, mwache aende. Na wadhamini wako wa kwenye CV waandike "watatolewa wakihitajika", halafu andaa wale wa kazi za nyuma, uongee nao mapema wajue simu inaweza kuja na wajue hawatakiwi kumtajia mtu yeyote wa hapo ulipo.

Mzee_wa_Mikataba
Na uangalie mkataba wako unasema notisi ya muda gani kabla hujaanza kuongea na mtu. Rikruta atakuuliza unaweza kuanza lini, ukitaja tarehe ambayo notisi haikuruhusu utajikuta unaondoka kwa ugomvi mahali ambapo kesho utahitaji barua yao.

Mtulivu_K
Ni mwezi mmoja mzee, nimeangalia sasa hivi. Imeili nimeshabadilisha na ile ya kazini nimeitoa. Kesho jioni nikiwa nyumbani nazima matangazo ya profaili, halafu naanza na ujuzi. Alama nitaiwasha mwisho kabisa, vyeo viwili tu.

Dada_Ajira
Sawa kabisa. Ukishaiwasha, mwombe mtu unayemwamini wa nje ya ofisi afungue profaili yako kwa akaunti ya kawaida akutumie skrini shoti. Akiona fremu ya kijani ujue umechagua waone wote, rudi ubadilishe hapo hapo.