Stempu za Urusi ya kifalme, kopeki 20 na 50: nitatofautishaje matoleo ya 1889, 1902 na 1909?

Mkusanyaji_Pwani
Wakuu, naomba msaada. Nina fungu la stempu za Urusi ya kifalme, nyingi kopeki (senti za Kirusi) 20 (bluu na nyekundu) na kopeki 50 (zambarau na kijani). Zote zina tai wa vichwa viwili na tarumbeta mbili za posta chini yake. Katalogi inazipa namba tatu tofauti na bei tofauti, lakini mchoro ni uleule. Kipimo cha meno (vile vichongoko vya ukingoni mwa stempu) ninacho, lenzi ninayo. Nianzie wapi? Halafu mbili za kopeki 50 hazina meno kabisa. Mtambo uliruka?

Karatasi_Kwanza
Mkuu, kipimo cha meno weka pembeni kwanza. Matoleo yote matatu yanachezea kati ya meno 14 na 15 kwa kila sentimita mbili, hutapata jibu humo. Jibu liko kwenye karatasi:

1889: karatasi ina mistari myembamba ndani yake, imelala.
1902 hadi 1905: mistari ileile, lakini imesimama.
1909 na kuendelea: haina mistari ndani, na usoni imepitishiwa mistari hafifu ya vanishi iliyopishana ikaacha maumbo ya uru kama yale ya karata.

Anza na vanishi maana haihitaji kulowesha kitu. Shika stempu kwa koleo karibu na taa, uilaze mpaka mwanga upite juu yake kwa mshazari. Ukiona wavu unang'aa au una weupe kama chaki, hiyo ni ya 1909 na kuendelea, kazi imeisha. Usipouona usikate shauri bado, kwa sababu stempu iliyolowekwa na kusuguliwa huweza kuupoteza. Wavu wenyewe uliwekwa ili watu wasioshe muhuri na kutumia stempu mara ya pili, kwa hiyo usisugue uso wake ikiwa mbichi.

Zinazobaki, zilaze kifudifudi kwenye kisahani cheusi, dondoshea matone mawili matatu ya petroli ya kujazia viberiti. Tazama hapohapo, inakauka upesi. Fungua dirisha, na moto usiwe karibu.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanasoma mwelekeo wa mistari bila kuangalia stempu imekaaje. Hakikisha vichwa vya tai viko juu kabla ya kusema "imelala" au "imesimama". Pia gundi iliyopakwa kwa mtambo huacha michirizi mgongoni inayodanganya. Michirizi ya gundi iko juu ya karatasi na inang'aa. Mistari ya karatasi iko ndani na inapita mpaka ukingoni, katikati ya meno.

Utaona pia mawimbi na vipande vya herufi kubwa za Kirusi. Hiyo ni alama ya maji, yaani mchoro uliotiwa ndani ya karatasi yenyewe, ya kiwanda cha serikali cha St. Petersburg kilichochapa stempu hizi. Ilisambazwa kwenye karatasi nzima, kwa hiyo stempu moja huangukiwa na kipande tu. Usitegemee kusoma neno zima.

Tai_Vichwa_Viwili
Naongezea. Wengine watakwambia utazame mishale ya umeme inayopita kwenye tarumbeta. Ni kweli mishale iliingia 1889, lakini kwako haitasaidia: kopeki 50 ilianza mwaka huohuo, na kopeki 20 ya zamani ya 1875 ni bluu na rangi ya machungwa. Mishale inafanya kazi kwenye kopeki 7, 14 na 35, ambako kuna toleo la kabla yake lisilo nayo.

Muhuri nao ni shahidi. Karatasi isiyo na mistari yenye muhuri wa 1895 haiwezekani, hapo rudia kutazama karatasi. Kumbuka tu tarehe ni za kalenda ya Kirusi ya zamani, siku 12 nyuma ya yetu katika karne ya 19, na 13 kuanzia 1900.

Na kabla hujazirudisha kwenye bahasha, pitisha lenzi kutafuta viduara vidogo vyenye nukta ndani yake vilivyochapwa kwenye mchoro. Ukivikuta, hiyo si ya Urusi bara. Ni ya Ufini ya 1891, ilipokuwa chini ya mfalme wa Urusi, na thamani yake ni nyingine kabisa. Watu huzitupa kwenye fungu la Urusi kila siku.

Karatasi_Kwanza
Zile zisizo na meno: mwaka 1917 zilitolewa hivyo makusudi, na ni za bei ndogo. Hatari ni nyingine, yenye meno iliyokatwa kwa wembe. Ilaze juu ya stempu yako yenye meno ya kopeki 50. Isipozidi ncha za meno pande zote nne, usiinunue kama isiyo na meno. Jozi iliyoungana ni salama zaidi.

Mkusanyaji_Pwani
Nimeelewa. Na moja ya kopeki 50, rangi ya zambarau imesogea karibu milimita moja kushoto. Ni kosa la kukusanywa?

Tai_Vichwa_Viwili
Hapana, mkuu. Kila rangi ilichapwa kwa bamba lake, kusogea kidogo ni jambo la kawaida. Kinachotafutwa ni katikati iliyopinduka, yaani sehemu ya kati ya mchoro iliyochapwa juu chini. Ukiuziwa hiyo, itie petroli kwanza: za kughushi huwa zimekatwa katikati, zikageuzwa na kugundishwa, na mshono hujitokeza kama mstari mweusi wa duara.