Infraredi ya simu kwa amri za terminali: /sys, ConsumerIrManager au skripti?

Kijana wa Mwanjelwa: Wakuu, nina Samsung Galaxy S4 ya 2013, nimeshairuti (nina ruhusa zote za mfumo). Nataka iwe rimoti ya runinga za banda letu la mpira, bila zile programu za matangazo. Nimeona njia tatu: kuandika kwenye faili la /sys (folda ambayo mfumo hutumia kudhibiti vifaa vya simu), kupitia ConsumerIrManager ya Android (sehemu ya mfumo ambayo programu huitumia kutuma infraredi), au skripti iwashe na kuzima LED (taa ndogo ya infraredi) yenyewe. Ipi mnaiamini?

Fundi Soweto: Skripti achana nayo. Rimoti nyingi hutumia wimbi la kilohezi 38, yaani LED inapepesa mara 38,000 kwa sekunde, kila mzunguko kama maikrosekunde 26. Sheli, yaani kisoma amri cha terminali, haifiki huko. Hata programu ya lugha ya C ikifika, keneli (kiini cha mfumo) itaikatiza ihudumie kazi nyingine, na runinga haitaelewa kitu. Hiyo ni kazi ya drayva, programu ya mfumo inayoendesha kifaa.

Dada wa Kihesa: Kamwene! Kwa S4 nenda na /sys:

`echo "38000,342,171,21,21,21,64,..." > /sys/class/sec/sec_ir/ir_send`

Namba ya kwanza ni masafa, zinazofuata ni washa, zima, washa, zima. Watu wanakwama hapa: faili hili linahesabu mizunguko ya wimbi, si maikrosekunde. NEC, mpangilio wa mapigo unaotumiwa na rimoti nyingi, huanza kwa kuwaka maikrosekunde 9000, zidisha kwa 0.038 upate 342. Kimya cha 4500 ni 171. Baada ya hapo 21,21 ni sifuri na 21,64 ni moja katika msimbo wa kitufe.

Mzee wa Uyole: Mwanangu, simu hiyo ikifa utaanza upya, maana njia ya sec_ir ni ya Samsung tu. ConsumerIrManager ipo tangu Android 4.4, haihitaji ruti, inapokea maikrosekunde, na Xiaomi yenye infraredi inaielewa vilevile. Tatizo lake, lazima uandike programu ndogo yenye ruhusa ya TRANSMIT_IR.

Dada wa Kihesa: Shikamoo mzee. Kwa programu ya kudumu nakubali kabisa. Ila yeye ameomba terminali, na kwa kujifunza mapigo yenyewe hakuna kinachoishinda echo.

Fundi Soweto: Kama runinga ni Samsung, mwanzo wake ni 171,171 badala ya 342,171. Runinga isipojibu, elekeza LED kwenye kamera ya mbele ya simu nyingine. Mwanga wa zambarau ukionekana, LED ni nzima, kagua namba.

Kijana wa Mwanjelwa: Ndaga fijo! Zambarau naiona. Runinga mbili ni Samsung, naanza na 171,171.