Wiski ya mahindi yenye harufu ya unga wa nyanya yangu: naweza kuitengeneza nyumbani?

Mpishi wa Mikindani

Hamjambo nyote. Natangulia kuwaomba radhi wasiotumia vileo. Swali langu ni la jikoni.

Napika katika hoteli moja Nyali, Mombasa, huu mwaka wa 11. Mwezi uliopita mgeni kutoka Kentucky, Marekani, aliniachia chupa ya wiski ya mahindi, nyeupe kama maji. Mimi si mnywaji, lakini kuonja ndiyo kazi yangu. Nikatia kijiko kimoja kikombeni, nikaongeza maji kidogo, nikanusa. Machozi yalinilenga. Ilinukia mahindi mabichi yaliyochemshwa na maganda yake, na kwa mbali uchachu wa unga uliolala.

Huo uchachu naujua. Nyanya yangu kule Vihiga alikuwa akipika busaa, pombe ya kienyeji ya unga. Unga wa mahindi aliukanda kwa maji machache, akaufunika kwa majani ya mgomba siku tatu, kisha akaukaanga kwenye bati juu ya moto, akiugeuza kwa koleo mpaka uwe kahawia. Wajukuu tulidokoa zile chembe zikiwa za moto, tukaungua vidole. Baadaye alitia maji na kimea cha wimbi. Chang'aa, ile pombe kali ya kukeneka, hakuipika maisha yake yote.

Mama yangu anatimiza miaka 70 na nataka aionje ladha ile. Je, naweza kutengeneza wiski kama hii kwa sufuria? Na mbona sikusikia harufu ya bati?

Mzee wa Chaani

Dada yangu, nimefanya kazi kiwanda cha pombe miaka mingi, ngoja nianze na bati. Wiski ya mahindi haikaangwi. Mahindi yanasagwa, yanapikwa uji mzito, unapoa hadi nyuzi 65 hivi, ndipo kimea kinaingia, mara nyingi cha shayiri. Ukikitia kwenye uji unaochemka umekiua, na wanga hautageuka sukari. Bila sukari hamira haina cha kula. Nyanya yako alifika palepale kwa njia nyingine: bati liliupika wanga, kimea cha wimbi kikamalizia. Yule mama alijua kazi.

Na uchachu hukuuota. Viwanda vingi vya Kentucky hutia masalia ya mpiko uliopita kwenye mpiko mpya, hayo ni machachu. Sheria ya Marekani inataka mahindi yasipungue asilimia 80 ndipo iitwe wiski ya mahindi. Burboni, wiski nyingine ya Marekani, inatosheka na 51, ila lazima ilale kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani, na rangi na utamu wa vanila hutoka humo. Yako haikulala kwenye pipa, ndiyo maana umeonja mahindi yenyewe.

Lakini kukeneka nyumbani, yaani kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake, hapana. Sheria yetu ya 2010 iliruhusu chang'aa kwa mwenye leseni tu. Tena mvuke wa pombe hudaka moto, na wewe jikoni mwako una mtungi wa gesi. Ishia kwenye busaa.

Muuguzi, Likoni

Namuunga mkono mzee. Nimewahudumia watu waliopofuka kwa pombe. Wengi waliamini kwamba ukiiwasha kijikoni ikatoa moto wa samawati basi ni salama. Si kweli, iliyotiwa methanoli, aina ya pombe yenye sumu, nayo huwaka hivyohivyo. Mahindi yenyewe hutoa methanoli kidogo sana. Maafa makubwa huletwa na wanaoongeza methanoli ya viwandani ili pombe iwe kali. Methanoli ikifika mwilini inageuka asidi inayoharibu mshipa wa jicho, na dalili zaweza kuchelewa hata siku nzima. Mtu akisema anaona ukungu, mkimbizeni hospitali usiku huohuo.

Mwana wa mgema, Rabai

Mimi la wiski silijui. Ila babangu hupanda minazi na kotama yake asubuhi na jioni, na nimeona tembo la asubuhi likiwa tamu hata mtoto analipenda, jioni limekuwa kali, likikaa siku kadhaa ni siki ya kutilia kachumbari. Joto la huku halingoji mtu. Busaa yako usiihesabu kwa siku za Vihiga, mamangu. Ionje asubuhi na jioni.

Mpishi wa Mikindani

Nawashukuru sana, hasa mzee. Nilikwenda kuipikia kwetu Vihiga, sherehe yenyewe ikiwa huko. Kimea nilichipusha mwenyewe: wimbi nililoweka usiku mmoja, nikalifunika kwa gunia hadi likatoa mizizi, nikalianika, nikalisaga. Unga nao niliuanza Mikindani nikapanda nao basi, na mwana wa mgema alisema kweli, siku ya pili tu ulishachacha kama wa siku tatu wa nyanya.

Busaa ilitoka nzito, ya uvuguvugu, uchachu wake mzuri. Ile wiski nilimpa Mama kijiko kimoja kwanza. Akasema, "Hii ina mahindi, lakini haina mikono." Kisha akavuta busaa kwa mrija, akanyamaza kitambo. Nilingoja maneno yake kama siku ya mtihani.

Akaniambia moto ulikuwa mkali, unga umeungua nje ndani mbichi, na kesho yake nilete bati anionyeshe.