Ushauri: Nitangazeje idadi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu bila kuwaanika watoto wenyewe?

Mwalimu wa Mpakani

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali mashariki mwa Uganda, si mbali na mpaka, na kwa miaka kadhaa nimepewa pia jukumu la kuratibu elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu. Kila muhula huwahesabu watoto, hujaza fomu za wilaya, kisha hubandika nakala ya jedwali kwenye ubao wa matangazo karibu na lango, pale pale tunapobandika kiasi cha ruzuku ya UPE, yaani mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote, tulichopokea. Siku zote nimeamini kwamba kazi hii ni ya haki, maana mtoto ambaye hahesabiwi hapangiwi mwalimu wala kitabu.

Muhula uliopita nilipata jambo lililonikosesha usingizi. Jedwali letu lilikuwa na safu za darasa, jinsia, aina ya ulemavu na kijiji, wala hapakuwa na jina hata moja. Hata hivyo, mstari mmoja ulisomeka hivi: darasa la tano, msichana, kifafa, 1. Kutoka kijiji hicho, darasa la tano lina msichana mmoja tu. Mtu fulani aliupiga picha ubao kwa simu yake, picha ikaingia katika kundi la WhatsApp la wazazi, na kabla ya wiki kwisha yule mtoto alikuwa amebaki peke yake kwenye benchi linalokaliwa na watoto wanne. Mama yake alikuja asubuhi, mtoto mchanga mgongoni, akasimama mbele ya ubao, akaweka kidole juu ya ile tarakimu na kuniuliza, "Mwalimu, huyu si wangu?" Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa tarakimu hiyo niliiandika kwa mkono wangu. Mtoto hajarudi shuleni hadi leo.

Sasa fomu za muhula huu zimefika. Mwalimu mkuu anataka jedwali libandikwe kama kawaida, kwa hoja kwamba shule ya umma haina siri. Kamati ya uongozi wa shule imegawanyika, na baadhi ya wajumbe wanataka tusitangaze lolote kuhusu watoto hao. Nami sioni amani katika njia yoyote kati ya hizo mbili. Naombeni ushauri: nitangaze nini, nizuie nini, na sheria zetu zinasemaje?

Mtakwimu Mstaafu

Mwalimu, pole sana, na tafadhali ufikishe pole zetu kwa mama huyo. Nimefanya kazi ya takwimu kwa muda mrefu, na ninalotaka ulielewe kwanza ni kwamba kuondoa majina hakutoshi hata kidogo. Mtu hutambulika kwa mchanganyiko wa mambo madogo madogo. Mwaka 2000 mtafiti wa Marekani, Latanya Sweeney, alionyesha kwa kutumia takwimu za sensa kwamba takriban asilimia 87 ya Wamarekani wangeweza kutambulika kwa vitu vitatu tu, yaani tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Ikiwa hali ni hiyo katika taifa lenye mamia ya mamilioni ya watu, fikiria darasa moja na kijiji kimoja.

Tatizo la jedwali lako ni visanduku vidogo, yaani vile vyenye watoto wachache mno. Huko Marekani sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1975 na ambayo leo huitwa IDEA, inazitaka serikali za majimbo zitoe takwimu za watoto hao hadharani. Papo hapo sheria nyingine ya mwaka 1974, FERPA, inazuia shule zinazopokea fedha za serikali kuu kutoa kumbukumbu za mwanafunzi bila idhini. Ili kuzitii zote mbili, kila jimbo hujiwekea idadi ya chini ambayo haliwezi kutangaza chini yake, na mengi hutumia 10. Huna haja ya kuiga kila kitu cha kwao, lakini kanuni hiyo inafaa popote watoto wanapohesabiwa.

Kuna mtego hapa ambao nimewaona hata maofisa wazoefu wakinaswa nao. Tuseme shule ina watoto 40 katika jedwali: uziwi 14, uoni hafifu 11, ulemavu wa viungo 12 na kifafa 3. Ukiifuta ile 3 na kuweka nyota, huku jumla ya 40 ikibaki, mtoto yeyote wa darasa la nne atajumlisha 14, 11 na 12, apate 37, kisha atoe, na 3 itarudi mezani. Lazima ufiche kisanduku cha pili pia, tuseme kile cha 11, ili msomaji ajue tu kwamba viwili hivyo kwa pamoja ni 14. Njia nyingine ni kuunganisha makundi, au kupandisha hesabu kutoka shule hadi gombolola, yaani eneo la utawala lililo chini ya wilaya, au hadi wilaya yenyewe, mpaka kila kisanduku kiwe na watu wa kutosha kumfunika mmoja mmoja.

Angalia pia mihula. Ukitangaza 12 muhula wa kwanza na 13 muhula wa pili, na kijiji kizima kinajua kwamba ni mtoto mmoja tu aliyehamia, umekwisha kumtangaza hata kama namba zote mbili ni kubwa. Na asilimia 100 ni hatari kama ilivyo 1: ukiandika kwamba watoto wote 12 wenye mahitaji maalumu hawakufikia kiwango cha kusoma, umetoa matokeo ya kila mmoja wao bila kutaja jina.

Mkaazi wa Tororo

Nawaheshimu wote waliotangulia, ila naomba kuuliza kwa nia njema. Kijijini hakuna asiyejua mtoto yupi haoni na yupi huanguka kifafa. Majirani wamemwona tangu alipozaliwa. Sasa tunamficha nani, na kwa faida gani?

Mama wa Mtoto Mwenye Ualbino

Ndugu yangu wa Tororo, naomba nikujibu mimi, kwa sababu swali lako limenigusa. Jirani anayemjua mwanangu amemwona akicheza, amemwona akichota maji, anamjua kwa jina lake na kwa tabia yake. Anayesoma karatasi anajua jambo moja tu. Karatasi yenye muhuri wa shule haiishii kijijini. Hupigwa picha na kusafiri hadi kwa watu ambao hawajawahi kutuona, nao wanasoma kwamba katika shule fulani, kijiji fulani, yupo mtoto mmoja mwenye ualbino. Sote katika Afrika Mashariki tunajua kwamba watu wenye ualbino wamewindwa, wamekatwa viungo na wameuawa kwa sababu ya ushirikina. Kwangu mimi mstari kama huo ni ramani ya kuelekea mlangoni kwangu.

Zaidi ya hilo, neno lililoandikwa na mwalimu huwa na uzito wa hukumu. Nimewahi kuona mtoto akiandikwa kuwa ana ulemavu wa akili, kumbe alikuwa hasikii vizuri, na hakuna daktari aliyekuwa amempima. Neno lile lilimfuata miaka mingi.

Baba wa Kiziwi

Nimesoma yote kwa makini na nakubaliana na mengi, lakini nina hofu ambayo haijasemwa. Mwanangu ni kiziwi. Kwa miaka miwili alikaa katika darasa lisilo na mwalimu hata mmoja anayejua lugha ya alama, akinakili ubaoni maneno asiyoyaelewa, na daftari lake lilikuwa safi kuliko ya wenzake wote. Nilipokwenda kulalamika niliambiwa kwamba hakuna takwimu zinazoonyesha hitaji. Mkianza kuficha namba kwa jina la faragha, wapo wakubwa watakaofurahi, kwa sababu aibu yao ndiyo itakayofichwa, wala si watoto wetu.

Tusisahau historia yetu wenyewe. Utafiti wa Ritva Reinikka na Jakob Svensson ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995, kwa wastani ni asilimia 13 tu ya ruzuku ya matumizi ya shule za msingi iliyokuwa ikifika shuleni. Baada ya hapo serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa wilayani, na shule zikatakiwa kubandika hadharani kiasi kilichopokewa. Ufuatiliaji wa mwaka 2001 ulikuta zaidi ya asilimia 80 ikifika. Mambo mengine nayo yalichangia, bila shaka, lakini ubao ule wa matangazo ulifanya kazi kubwa.

Ila tazama, Mwalimu, kilichobandikwa kilikuwa nini. Zilibandikwa fedha zilizotoka serikalini. Jina la mtoto maskini wala umaskini wa mtu haukubandikwa. Ndiyo maana mimi naona ubao wa lango uonyeshe deni la serikali na la shule kwa watoto hawa: shule ina walimu wangapi waliosomea elimu maalumu, ina mashine ngapi za nukta nundu na ngapi kati yake zinafanya kazi, ina mkalimani wa lugha ya alama au haina, ina choo ambacho mtoto wa kiti cha magurudumu anaweza kuingia au haina, ni fedha kiasi gani ziliombwa na kiasi gani kilipokewa. Hayo yasifichwe hata kidogo, hata kama jibu ni sifuri, maana sifuri ya walimu haimwaniki mtoto yeyote.

Wakili wa Kampala

Nyongeza ya Baba wa Kiziwi ni ya msingi, na kisheria ina nguvu. Katiba yetu ya mwaka 1995 inalinda faragha katika ibara ya 27, na katika ibara ya 41 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, isipokuwa pale ambapo kuzitoa kunaweza kudhuru usalama wa nchi au faragha ya mtu mwingine. Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2005 imejengwa juu ya ibara hiyo ya 41. Kwa hiyo mwalimu mkuu akisema shule ya umma haina siri, mwonyeshe kwamba ibara ile ile inayompa mwananchi haki ya kujua ndiyo iliyoweka mpaka.

Kisha ipo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, pamoja na kanuni zake za mwaka 2021. Sheria hiyo hairuhusu taarifa binafsi za mtoto zikusanywe au zichakatwe bila idhini ya mzazi au mlezi, isipokuwa pale sheria inapolazimu, au kwa ajili ya utafiti na takwimu. Taarifa za afya nazo zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti. Watu wengi huishika ile ruhusa ya takwimu kana kwamba inafungua kila mlango, ilhali takwimu inayomtaja mtoto mmoja ni taarifa ya mtoto huyo, hata ikiandikwa kwa tarakimu. Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, hupokea malalamiko, na mama wa yule msichana ana haki ya kupeleka lake. Najua si rahisi kusikia, Mwalimu, lakini ingefaa umwambie wewe mwenyewe.

Mwalimu Mkuu, Arua

Machache ya kiutendaji. Fomu ya wilaya ijaze kikamilifu, kwa darasa na kwa aina ya hitaji, kwa sababu wapangaji wanahitaji hesabu sahihi. Iende ndani ya bahasha iliyofungwa au kwa njia rasmi ya EMIS, mfumo wa serikali wa taarifa za elimu, isitumwe kamwe kwa picha ya WhatsApp. Namba ya utambulisho wa mwanafunzi isionekane popote ubaoni, maana nayo inafanya kazi ya jina. Watahiniwa wa darasa la saba wanaopewa na UNEB, yaani baraza la taifa la mitihani, dakika 45 za ziada au msaada mwingine wasiorodheshwe kwenye mlango wa chumba cha mtihani; msimamizi awe na orodha mkononi, nayo irudi kabatini jioni. Kwangu kabati hilo lina funguo mbili, moja yangu na nyingine ya mwalimu wa elimu maalumu.

Mwalimu wa Mpakani

Ndugu zangu, asanteni sana. Nimewasomea mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati majibu yenu yote, ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Mwalimu mkuu alinyamaza muda mrefu alipofika kwenye ile hesabu ya 40 kutoa 37, kisha akachukua kalamu akaifanya mwenyewe juu ya jedwali letu la zamani. Alipata mtoto wa pili, mvulana wa darasa la tatu, ambaye mimi sikuwa nimemwona.

Tumekubaliana hivi. Ubaoni tutabandika vifaa, walimu, fedha zilizoombwa na zilizopokewa, pamoja na jumla moja ya watoto wa shule nzima bila kuigawa kwa darasa, jinsia, kijiji wala aina. Jumla hiyo tutaitangaza mara moja kwa mwaka badala ya kila muhula. Mgawanyo utakwenda wilayani peke yake, na tutaandika barua kumwomba afisa elimu wa wilaya autangaze kwa wilaya nzima, na kwa aina zile tu zenye watoto wasiopungua 10. Baba wa Kiziwi, mstari wa kwanza ubaoni utasomeka: walimu wanaojua lugha ya alama, 0.

Jumamosi nilikwenda kwa yule mama. Nilimwambia kwamba niliyeandika ni mimi na kwamba ana haki ya kushtaki, nikamwachia maelezo ya ofisi husika kwenye karatasi. Hakunijibu kuhusu hilo. Aliniuliza kama ubao bado una ile karatasi, nikamwambia niliitoa mwenyewe. Akaniuliza kuhusu picha zilizo kwenye simu za watu. Mwenyekiti ameahidi kuwaomba wanakundi wazifute, lakini sote tunajua kwamba kuomba si kufuta. Ikiwa kuna aliyewahi kushughulikia jambo kama hili akafanikiwa, tafadhali anieleze alianzia wapi, maana Jumatatu ninarudi kwake.