Saa au programu ya simu: nani anasema ukweli wa kilomita? (Niko Dodoma)

Kisasa_Mpya
Mbukwa wadau. Wiki hii nataka kutoa hela, nisaidieni kabla sijapigwa. Mimi na jirani yangu tunakimbia pamoja kila Jumamosi, tunatoka Kisasa, tunafika stendi kule Nane Nane, tunazunguka, tunarudi. Jumamosi iliyopita tumetoka geti moja, tumerudi geti moja, simu yangu inasema kilomita 10.4, saa yake inasema 9.6. Mita mia nane zimekwenda wapi? Yeye anasema simu ni ya kuongelea, ninunue saa. Mimi naona labda nibadili programu tu. Ipi inapima kwa uhakika? Na muda pia, maana hata muda hatukufanana.

Mzee wa Area C
Bajeti? Simu gani? Hiyo saa ya jirani ni aina gani? Ulibeba simu mkononi au wapi? Umeleta mgonjwa hospitali halafu husemi anaumwa wapi.

ChapaMguu
Saa ya kukimbilia, Garmin Forerunner 55. Uzi ufungwe.

Binti Makole
ChapaMguu hata mtu akiuliza dawa ya mafua utamjibu Garmin. Mleta mada, programu ya Strava ya bure inatosha kabisa. Nina mwaka wa tatu nayo, sijalipa hata mia.

Kisasa_Mpya
Samahani wakuu, niliandika nikiwa kwenye daladala. Bajeti laki tatu, nikijikamua tatu na nusu. Simu ni Android ya kawaida, huwa mfukoni mwa bukta. Saa ya jirani ni kile kibendi cha mpira, na yeye simu huacha nyumbani. Halafu njiani tulikaa kijiweni tukanywa kahawa kama dakika kumi hivi. Sikuzima simu.

Fundi_Redio
Sasa hapo umesema. Vibendi vingi vya aina hiyo havina GPS ndani, yaani kile kinachosoma satelaiti kujua ulipo, vinaazima ya simu. Jirani akiacha simu nyumbani, kibendi kinahesabu hatua tu na kuzidisha kwa urefu wa hatua kinaoukisia kutokana na kimo alichojaza. Kikikisia sentimita 95 wakati mwenyewe anatupa mita nzima, kwenye kilomita kumi nusu kilomita imeshayeyuka.

Na simu yako nayo ilikuwa kijiweni inakunywa kahawa. Ukisimama, GPS haitulii. Ile nukta inacheza mita tatu huku, tano kule, na programu isipokuwa makini inajumlisha kila mchezo. Usibishane na jirani, wote wawili mmedanganywa.

Binti Makole
Ndiyo maana kuna ile setingi ya kujisimamisha yenyewe. Ukisimama nayo inasimama.

ChapaMguu
Na hapo ndipo wizi unapoanzia. Mtu anakaa kijiweni dakika kumi, anarudi anatupostia dakika tano na nusu kwa kilomita. Muda wa mbio ni kuanzia unaondoka mpaka unafika. Mashindanoni hakuna mtu anakusimamishia saa unywe kahawa.

Binti Makole
Strava inakuonyesha vyote, muda wa kukimbia na muda wote uliopita. Soma chini kidogo, usiishie kwenye picha.

Dereva_Ihumwa
Kwani hizi programu haziwezi kula bando? Mimi niliacha kwa sababu hiyo.

Fundi_Redio
GPS haili bando, mkuu. Simu inasikiliza tu satelaiti, haitumi kitu huko juu. Bando linaliwa na ramani na kupandisha mbio zako ukimaliza. Zima data, kimbia, ukifika nyumbani washa. Tofauti ni kwamba bila data simu inaweza kuchelewa kuzinasa satelaiti mwanzoni, kwa hiyo usubiri kidogo getini kabla ya kubonyeza kuanza. Wengi wanabonyeza huku wanakimbia, halafu mita mia mbili za kwanza zinachorwa juu ya mabati ya watu.

Mkimbia_Pole
Naomba niwape kisa changu, mleta mada usije ukayarudia.

Mwaka juzi nilijiandikisha mbio za kilomita 21, sitaji zipi. Nimefanya mazoezi miezi mitano, alfajiri, Barabara ya Iringa, upepo wa Julai unakupiga usoni mpaka machozi yanakutoka bila msiba. Lengo langu lilikuwa moja: chini ya saa mbili. Siku yenyewe nimefunga simu kwenye mkono, spika inanisomea kila kilomita. Kumi na tano, niko vizuri. Kumi na nane, miguu imekuwa ya mtu mwingine lakini hesabu inakubali. Nikaamua nitamaliza kila kitu kilichomo mwilini simu ikisoma 21.1.

Ikasoma. Saa 1, dakika 58 na sekunde kama hamsini. Nikanyoosha mikono, nikapiga magoti pale pale kwenye lami, nikambusu bibi yangu hewani. Mama mmoja aliyekuwa anagawa maji akaja akaniinamia: "Baba, unaumwa? Mbona hujafika?" Nikainua macho. Utepe uko mbele kule, mita mia nne hivi, naona bendera zinapepea. Wanapita watu niliowaacha kilomita ya kumi na mbili, mmoja kavaa kanzu kwa utani. Nikainuka, paja likakaza. Nimefika 2:02 na ushee.

Jioni nikawalalamikia waandaaji kwamba njia yao imezidi. Waliniangalia tu.

Fundi_Redio
Pole mkuu, lakini njia huenda ilikuwa sawa. Njia zilizothibitishwa hupimwa kwa baiskeli yenye kaunta kwenye gurudumu. Kwanza inasawazishwa kwa umbali unaojulikana, kisha inapita mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kuupita, kona zikikatwa. Halafu wanaongeza mita 1 kwa kila 1,000 ili isije ikatokea fupi. Wewe ulizunguka kona kwa nje, ukahama kushoto kufuata maji, ukapita watu. Hizo mita umezikimbia kweli. Juu yake weka yumbayumba ya GPS, mita mia nne hazishangazi.

Mkimbia_Pole
Wangenieleza hivyo siku ile ningelala.

ChapaMguu
Angekuwa na saa yenye kitufe, angebonyeza kila anapopita kibao cha kilomita. Vibao ndiyo ukweli, saa inakupa muda tu.

Mzee wa Area C
Leo ChapaMguu kasema neno. Mimi miaka yote natumia ile saa ndogo nyeusi ya plastiki. Muda haudanganyi hata kidogo. Shida yake moja, ikifika dakika 59 na sekunde 59 inarudi sifuri, kwa hiyo kwenye 21 lazima ukumbuke imezunguka mara ngapi, na kilomita ya 17 mimi hata jina langu silikumbuki vizuri. Lakini Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, 3:32.2. Alikuwa na programu gani?

Mnyaturu Halisi
Ukitaja wazee, utaje na kijana wetu wa Singida. Alphonce Simbu, Tokyo 2025, bingwa wa dunia wa marathoni. Kilomita 42.195, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani wote wameandikwa 2:09:48! Wametofautishwa kwa picha, sekunde 0.03. Sasa wewe unalilia mita mia nane.

Binti Makole
Hiyo fainali niliiangalia nikaruka mpaka mtoto akaamka analia 😂

Kisasa_Mpya
Turudi kwenye mada jamani. Laki tatu, nichukue nini?

ChapaMguu
Forerunner 55 iliyotumika.

Fundi_Redio
Kama ungeongeza hela ningekuambia Coros Pace 3, inapokea masafa mawili ya mawimbi ya GPS, inasaidia sana karibu na maghorofa. Lakini Dodoma anga letu liko wazi, maghorofa ya kukuzuia satelaiti si mengi. Saa yoyote yenye GPS yake ndani itakutosha. Dukani usiulize "ina GPS?" maana wote watakujibu ndiyo. Muulize, nikiacha simu nyumbani itachora njia?

Ila kabla hujanunua, toa simu mfukoni uifunge mkononi, ingia setingi za betri uiondoe hiyo programu kwenye kuokoa chaji, jaribu tena. Simu nyingi zinaiua programu kioo kikizimika, ukija kuangalia unakuta mstari mmoja umenyooka kutoka Kisasa hadi Nane Nane umepita juu ya nyumba.

Dereva_Ihumwa
Yangu ilinichora nimepita katikati ya kambi 🤣

Mzee wa Area C
Au nenda uwanja wenye njia zilizopimwa, kimbia mizunguko 25 njia ya kwanza kwa ndani, hiyo ni kumi kamili, uone simu inasema nini. Usihame. Njia ya nne mzunguko mmoja unapita mita 422.

Kisasa_Mpya
Uwanja wa Jamhuri wanaruhusu kuingia alfajiri?

Binti Makole
Alfajiri saa ngapi? Mimi kumi na moja sitoki tena, mbwa wa Nkuhungu wamenikimbiza hadi rekodi yangu ya kilomita moja niliiweka siku ile.

Mnyaturu Halisi
Rekodi yako halali hiyo?

Binti Makole
Strava iliikubali.

Mkimbia_Pole
Mbwa msiwachukulie mzaha. Beba fimbo fupi, na usiwape mgongo. Kuna mmoja kule Miyuji tunamwita refa.

ChapaMguu
Huyo refa namjua! Mwenye sikio moja?

Kisasa_Mpya
Wakuu, mrejesho mdogo. Jirani amesoma huu uzi. Amekasirika, anasema kibendi chake hakikisii kitu, na Jumamosi hatakwenda na mimi. Nitakimbia peke yangu, simu mkononi, kahawa nitakunywa nyumbani.

Mzee wa Area C
Mwambie jirani tunamsalimia. Kimo chake alijaza kweli au alijiongezea?