Yule mzee wa The Constant Gardener alikuwa mwanaharakati kweli ama ni sifa tu?

Kijana_wa_Umoja: Wasee, nimerudia kucheki The Constant Gardener, ile ya 2005 iliyoshutiwa Kibera na Loiyangalani, na kuna mzee anatokea karibu na mwisho, yule daktari Lorbeer mwenye amejificha kule Sudan, dakika chache tu na anawafunika wote. Kugugo nikapata anaitwa Pete Postlethwaite, Mwingereza, alifariki 2011. Sasa kila mahali wanasema ati alikuwa mtu wa kupigania haki. Mimi staa akianza mambo ya mazingira nashuku. Nani anamjua vizuri?

mama_sinema: Huyo si staa wa mapozi. Ni mtu wa Warrington, amezaliwa 1946, alikuwa ticha wa drama kabla aende kusomea uigizaji Bristol, halafu miaka ya sabini akawa Liverpool kwa thieta ya Everyman na kina Julie Walters na Bill Nighy wakati hao wote hawana jina. Tafuta In the Name of the Father ya 1993, anaigiza Giuseppe Conlon, baba wa yule kijana wa Belfast aliyefungwa bure kwa mabomu ya IRA yaliyolipuka kwa baa za Guildford, Uingereza, 1974, na mzee mwenyewe akafungwa akafia ndani, na hiyo ilitokea kweli. Anaongea polepole, hapigi kelele hata kidogo, na wewe huku unalia. Ilimpa nominesheni ya Oska. Spielberg alisema huyu ndiye muigizaji bora duniani, yeye akajibu ati nadhani alichosema ni kwamba Pete *anajiona* ndiye bora duniani 😂

Otis254: Kuhusu harakati, 2003 aliandamana London kupinga vita vya Iraq. 2009 akaigiza The Age of Stupid, muvi ya mabadiliko ya tabianchi, na siku ya uzinduzi akamwambia waziri Ed Miliband usoni kwamba serikali ikipitisha stesheni ya stima ya makaa Kingsnorth atarudisha OBE yake, ile nishani ya heshima ya ufalme wa Uingereza. Mradi wenyewe ulikuja kuahirishwa mwaka huohuo. Hapa kwetu ni nani amewahi kutishia kurudisha nishani ya Ikulu? Na makaa ya Lamu yalisimamishwa 2019 na wenyeji kwa kesi, mastaa walikuwa kimya.

Kijana_wa_Umoja: Sawa lakini si ndiye alikuwa kondakta wa bendi ya wachimba makaa kwa Brassed Off? Leo unalilia mgodi, kesho unapinga makaa?

mama_sinema: Umeicheki mpaka mwisho? Danny, huyo kondakta, anasimama Royal Albert Hall, ule ukumbi mkubwa wa London, akakataa kombe la mashindano ya bendi, kwa sababu watu wanalia nyangumi wakiisha na hakuna anayejali wachimbaji waliopoteza kazi. Ni watu anawatetea hapo. Kwangu hakuna mgongano, ingawa mchimbaji wa Yorkshire angeweza kubisha na angekuwa na haki yake.

Otis254: Na usisahau 2008 akiwa na jina kubwa tayari alirudi Everyman kucheza King Lear, wakati angeweza kukaa Hollywood akikimbizana na dainosa kama kwa ile The Lost World: Jurassic Park. Hizo za dainosa ruka, Brassed Off ndiyo uianze.

Kijana_wa_Umoja: Poa, wikendi naanza na ile ya jela. Mwenye ako nayo na sabutaito anisaidie, hiyo aksenti ya Belfast sitaiweza.